Zamu na Adabu Kwenye Meza ya Poka

Mtu aliyejifunza poka kwenye simu mara nyingi huja kwenye meza ya kasino akiwa anajua hesabu za karata vizuri kuliko anavyojua kusubiri. Programu ya simu ilikuwa ikimsubirisha bila yeye kufahamu: vitufe vya kuchagua havitokei mpaka zamu yake ifike, kiasi cha dau hukaguliwa na mashine, na karata alizotupa hakuna anayeweza kuziona. Kwenye meza halisi hakuna kinachomzuia. Mkono wake unaweza kusukuma chipu, yaani vibao vidogo vinavyowakilisha fedha, mbele wakati wowote, mdomo wake unaweza kutamka lolote, na yote mawili huhesabiwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa wale waliozoea kucheza nyumbani na marafiki ambao wangependa siku moja kuketi na watu wasiowajua bila kusahihishwa kila baada ya dakika tano.

Poka inayozungumziwa hapa ni Texas Hold'em, ambayo ndiyo imeenea zaidi katika kasino. Wasomaji wa Kenya wasiichanganye na ile poka ya mitaani, ambayo wengine huiita kadi tu, ambamo mchezaji hujitahidi kumaliza karata zake na hulazimika kutangaza "niko kadi" kabla ya kuweka ya mwisho. Katika Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza kwa hatua tatu: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kuna duru nne za madau, moja kabla ya karata za mezani kufunuliwa na moja baada ya kila hatua. Mshindi ni yule mwenye mpangilio bora wa karata tano kati ya zile saba anazoweza kuzitumia, au yule aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kujitoa.

Kwa muda mrefu kila kasino ilikuwa na kanuni zake, na mtu aliyehama meza alihama pia na mabishano. Mwaka 2001 wasimamizi wa mashindano walianzisha chama chao, Tournament Directors Association, kinachojulikana kwa herufi TDA, kwa lengo la kuzioanisha kanuni hizo. Miaka miwili baadaye Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kupitia shindano la mtandaoni, alishinda shindano kuu la World Series of Poker mjini Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5, na nyuma yake wakafuata watu wengi sana ambao poka waliijua kwa skrini peke yake. Kanuni za TDA ndizo ninazozitegemea katika maelezo yanayofuata. Michezo ya fedha taslimu, ambayo si mashindano, huongozwa na kanuni za nyumba husika, yaani kasino inayouendesha mchezo, na hizo hutofautiana katika mambo madogo. Kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kuketi.

Zamu inavyozunguka

Mbele ya mchezaji mmoja huwekwa kibao cha duara kinachoonyesha kwamba yeye anahesabiwa kuwa mgawaji, hata kama karata zinagawiwa na mwajiriwa wa kasino. Kibao hicho husogea kiti kimoja kwenda kushoto kila mgao, yaani mchezo mmoja tangu karata zigawiwe hadi mshindi apatikane, unapokwisha. Wachezaji wawili walio kushoto kwake huweka madau ya lazima kabla ya karata kugawiwa, la kwanza dogo na la pili kubwa, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya lile dogo. Katika duru ya kwanza anayeanza ni yule aliye kushoto kwa dau kubwa la lazima, na zamu huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa mpaka imfikie mwenye dau kubwa mwenyewe. Huyu wa mwisho husahaulika mara nyingi. Hata kama wote wamefuata tu, yaani wameweka kiasi kile kile cha dau, na hakuna aliyepandisha, yaani aliyeliongeza, yeye bado ana haki ya kupandisha, na karata za mezani hazipaswi kufunuliwa kabla hajasema. Wewe ukiwa ndiye, sema mapema na kwa sauti, kwa sababu mgawaji mwenye haraka anaweza kukupita.

Kuanzia duru ya pili na kuendelea, anayeanza ni mchezaji wa kwanza aliye kushoto kwa kibao ambaye bado ana karata, na mwenye kibao ndiye anayemaliza. Kusema mwisho ni faida kubwa, kwa kuwa mtu huamua akiwa amekwisha kuwaona wengine wote walivyoamua.

Mambo mawili huwachanganya hata wazoefu. La kwanza ni pale wanapobaki wachezaji wawili tu mezani: hapo mwenye kibao ndiye anayeweka dau dogo la lazima, naye husema wa kwanza kabla ya karata za mezani na wa mwisho katika duru zote zinazofuata. La pili ni dau la hiari ambalo baadhi ya nyumba huliruhusu katika michezo ya fedha taslimu, ambapo mchezaji aliye kushoto kwa dau kubwa huweka mara mbili ya dau hilo kabla ya kuona karata zake. Akifanya hivyo yeye ndiye anayemaliza duru ya kwanza, na wa kuanza ni jirani yake wa kushoto.

Katika utekelezaji, njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumtazama mtu aliye kulia kwako. Zamu yako haijafika mpaka yeye atupe karata zake, apishe (aachie zamu bila kuweka dau wala kujitoa), au chipu zake ziwe zimetulia mezani. Hakikisha pia kwamba kati yako na aliyesema mwisho hakuna mtu aliyezificha karata zake nyuma ya rundo la chipu au chini ya mkono. Makosa mengi ya zamu hayatokani na utovu wa adabu bali na karata ambazo hazikuonekana. Ukiwa na shaka, uliza, "Ni zamu yangu?" Mgawaji atakujibu, na hakuna atakayekucheka. Kuhusu wakati wa kuzitazama karata zako mbili, wachezaji wana maoni tofauti, lakini kwa mgeni napendekeza asizitazame mpaka zamu yake ifike. Asichokijua hakiwezi kumtoka usoni, na sekunde mbili za kuchungulia hazimuudhi mtu.

Kwa nini zamu inalindwa kwa ukali

Poka ni mchezo wa habari. Kila anachofanya mchezaji huwapa habari wale wanaofuata, na utaratibu wa zamu ndio unaopanga nani aipate habari hiyo na nani aikose. Tuchukue mfano. Karata tatu za kwanza zimefunuliwa, kitita cha madau kilichopo katikati ni shilingi 6,000, na wamebaki wachezaji watatu: wa kiti cha pili, ambaye ndiye anayeanza, wa kiti cha tano, na wa kiti cha nane, anayemaliza. Wa kiti cha pili hana kitu cha maana. Anafikiria kutishia kwa dau la 4,000, lakini anamwogopa wa kiti cha nane, ambaye ndiye aliyepandisha katika duru ya kwanza. Ghafla wa kiti cha nane, ambaye labda amechoka au anataka kwenda kupunga hewa, anatupa karata zake. Wa kiti cha pili sasa anajua kwamba kikwazo kimeondoka. Anaweka dau lake bila hofu, na wa kiti cha tano, mwenye jozi ndogo, ambaye yumkini angeiona karata ya nne bila kulipa chochote, anajitoa. Aliyetupa karata mapema hakupata hasara yoyote. Hasara imempata mtu ambaye hakufanya kosa lolote, na hana wa kumdai.

Ndiyo maana naona kwamba kutupa karata kabla ya zamu ni kosa zito kuliko linavyochukuliwa. Mtu akiweka dau kabla ya wakati, meza nzima hushtuka na msimamizi huitwa. Akitupa karata kabla ya wakati, wengi humchukulia kama mtu mwepesi asiyependa kupoteza muda wa wenzake. Kanuni za TDA hazimchukulii hivyo: karata zilizotupwa kabla ya zamu zimetupwa, hazirudi, na aliyezitupa anaweza kuadhibiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayejitoa wakati hakuna dau la kumkabili na angeweza kupisha bure. Naye pia amewanyima wengine mpinzani waliyekuwa wakimhesabu.

Habari haitoki kwa vitendo kamili tu. Mtu anayezishika karata zake kwa vidole viwili, tayari kuzirusha, huku wachezaji watatu wakiwa bado hawajasema, ameshatangaza. Vivyo hivyo anayeanza kuhesabu chipu za kupandisha wakati zamu iko viti vinne kutoka kwake. Baadhi ya watu hufanya hivyo kwa makusudi ili kumtisha aliye kulia kwao asiweke dau, na wachezaji wazoefu huiona hiyo kuwa danganya toto. Weka karata mezani, weka mikono mahali pamoja, na usubiri katika hali ile ile iwe unakusudia kujitoa au kuweka kila ulicho nacho.

Inapotokea mtu ametangulia zamu

Jambo la kwanza ni kwamba mchezo husimama na zamu hurudishwa kwa mtu ambaye kweli ilikuwa yake. Kitendo cha aliyetangulia hubaki kikingoja. Ikiwa hali haikubadilika kufikia zamu yake halali, kitendo kile kinambana. Ikiwa imebadilika, yuko huru.

Tuseme wa kiti cha pili amepisha, na kabla wa kiti cha tano hajasema, wa kiti cha nane anaweka dau la 4,000. Zamu inarudi kwa wa kiti cha tano. Akipisha, hali haijabadilika, na zile 4,000 za kiti cha nane zinabaki kuwa dau halali ambalo hawezi kulirudisha mfukoni. Wa kiti cha tano akiweka dau la 3,000, hali imebadilika: wa kiti cha nane anarudishiwa chipu zake na ana hiari ya kujitoa, kufuata au kupandisha. Kwa lugha ya kanuni, kupisha, kufuata na kujitoa kwa mtu aliyerukwa hakubadilishi hali. Kuweka dau au kupandisha kunaibadilisha.

Angalia jinsi kanuni hii ilivyo na busara. Inampa mtu aliyerukwa nguvu ya kuamua, kwa kuwa yeye sasa anajua kilicho moyoni mwa aliyetangulia. Akiwa na karata nzuri anaweza kupisha, akijua kwamba dau litawekwa tu na kwamba zamu itamrudia. Haitoshi kufuta madhara yote, maana wa kiti cha pili naye ameona, lakini angalau faida inaelekea kwa aliyedhulumiwa. Anayerudia kutangulia zamu, hasa anayeonekana kufanya hivyo ili kuwazuia wengine wasiweke madau, huonywa, kisha hukalishwa nje kwa mgao mmoja au mzunguko mzima, na akizidi huondolewa katika shindano.

Aliyerukwa naye ana wajibu, na sehemu hii wageni hawaijui. Ukiona zamu imekupita, sema papo hapo: "Subirini, mimi bado." Usingoje uone wengine watafanya nini. Kanuni zinasema kwamba ukiwa umepewa muda wa kutosha na hukusema mpaka vikatokea vitendo viwili baada yako, walau kimoja kikiwa cha kuingiza chipu kwenye kitita, au vitendo vitatu vya aina yoyote, basi vitendo hivyo vinasimama, na msimamizi ndiye atakayeamua karata zako zifanywe nini. Watu wa pwani na bara tuliolelewa kuona kwamba kumkatiza mtu ni ufidhuli hupata shida hapa. Kwenye meza ya poka, kudai zamu yako kwa sauti ya kawaida ni sehemu ya adabu yenyewe, kwa sababu ukinyamaza unawaacha wengine wazidi kuingiza fedha katika mgao uliokwisha kuharibika.

Mdomo, mkono na chipu

Neno lililotamkwa kwenye zamu yako linakubana kama chipu zilizowekwa. Katika kasino za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, hata pale ambapo mazungumzo ni ya Kiswahili, maneno ya kutangaza kitendo kwa kawaida ni yale ya Kiingereza yaliyozoeleka: cheki kwa kupisha, koli kwa kufuata, rezi kwa kupandisha, foldi kwa kujitoa, na olini kwa kuweka chipu zote. Yatamke kwa uwazi, na usiyatamke kwa mzaha. Mtu anayesema "olini" akicheka anaweza kujikuta ameweka kila alicho nacho. Kugonga meza kwa kidole au kiganja kwenye zamu yako ni kupisha. Kwa hiyo mwenye tabia ya kupigapiga meza akifikiri atafute tabia nyingine.

Kosa linalowagharimu wageni zaidi ni la chipu moja kubwa. Dau lililo mbele yako ni 500, nawe unatupa chipu moja ya 5,000 bila kusema neno, ukikusudia kupandisha. Umefuata tu, utarudishiwa chenji ya 4,500. Ukitaka kupandisha, tangaza kwanza, kwa mfano "rezi, 2,000", ndipo mkono utembee. Kinyume chake, ikiwa hakuna dau lolote lililowekwa na unatupa chipu hiyo moja kimya, umeweka dau la 5,000 nzima. Kauli inayotangulia mkono huzuia matatizo haya yote, na ndiyo tabia ya kwanza ninayoshauri mtu aijenge.

Usiweke dau kwa vipande. Kuchukua chipu chache, kuzisogeza mbele, kumtazama mpinzani usoni, kisha kurudi kuchukua nyingine ni kumvuta aonyeshe alivyo kabla hujajifunga, na mgawaji atakuamuru ubaki na zile za kwanza. Vivyo hivyo kile kisemwacho kwenye sinema, "nafuata, na ninapandisha elfu kumi," hakikubaliki: neno la kwanza lilikuwa kufuata, na hapo ndipo ulipoishia. Chipu ziwekwe mbele yako kwa mpangilio unaohesabika. Usizirushe ndani ya kitita, kwa kuwa mgawaji hataweza kujua kama zimetimia. Zile zenye thamani kubwa zikae mbele ya rundo lako mahali ambapo kila mtu anaziona, maana mpinzani ana haki ya kukadiria ulicho nacho. Katika mchezo wa fedha taslimu huruhusiwi kuondoa chipu mezani na kuzitia mfukoni wakati bado unacheza, hata kama ni ushindi wako wa halali.

Kabla ya kusema koli, jua unafuata kiasi gani. Mpinzani akiweka zote, una haki ya kumwomba mgawaji azihesabu, na hilo halina ubaya wowote. Lakini ukisema koli kwa kukisia, umekubali kiasi kilicho sahihi hata kama kinazidi ulichodhani, na hata kama mtu alikutajia kiasi kisicho sahihi.

Karata ni jukumu la mwenye nazo

Zikae mezani muda wote, zionekane, zisishushwe mapajani wala kuinuliwa usoni. Unapozitazama, zikunje kidogo kwenye pembe ukizikinga kwa kiganja, ili jirani asizione. Akiziona bila kukusudia, ni juu yake kukuambia uzifunike vizuri. Weka chipu moja juu yake. Mgawaji akizikusanya kwa kudhani umezitupa, hasa ukiwa kwenye kiti kilicho karibu naye, huenda usizipate tena, na utakuwa huna wa kumlaumu. Unapojitoa, zisukume mbele kifudifudi, chinichini, bila kuzirusha juu. Karata inayopinduka njiani imewapa wengine habari wasiyostahili.

Usimwonyeshe jirani karata zako wakati mgao unaendelea, hata kama wewe umeshajitoa na yeye ni rafiki yako mkubwa. Ukimwonyesha mmoja, wengine wana haki ya kuomba waonyeshwe pia.

Mazungumzo

Meza ya poka si mahali pa ukimya. Wengi huja kwa ajili ya gumzo, na mchezaji mchangamfu hupendwa. Kinachokatazwa ni kuuzungumzia mgao ambao haujaisha. Tuseme zimefunuliwa saba mbili na kumi moja, na wewe ulitupa saba dakika moja iliyopita. Ukiguna, ukishika kichwa au ukisema "Ningejua!", umemwambia kila aliyebaki kwamba saba nyingine imebaki moja tu. Aliyetaka kutishia kwamba ana saba umemharibia, na aliyekuwa akihofu saba umemtuliza. Tulia mpaka kitita kiende kwa mshindi, kisha ulalamike utakavyo.

Kwenye baraza, watazamaji wa bao na drafti hutoa ushauri, hubishana na hata huoneshana kete ya kuchezwa, na hiyo ni nusu ya raha ya mchezo. Hapa ni kinyume kabisa. Kila mchezaji hucheza peke yake. Hakuna kumshauri aliye ndani ya mgao, hakuna kumsomea karata za mezani, hakuna kumwambia "huyo anakudanganya". Aliyesimama nyuma ya kiti cha rafiki yake anyamaze, na uso wake nao unyamaze.

Lugha nayo ina mipaka. Katika mashindano ya Las Vegas, Kiingereza ndicho lugha ya meza wakati mgao unaendelea, na katika nchi nyingine kanuni za TDA huruhusu Kiingereza pamoja na lugha ya mahali pale. Sababu ni wazi: watu wawili wanaozungumza lugha ambayo wengine hawaielewi wanaweza kuwa wanapeana karata. Kwa hiyo Mtanzania na Mkenya wanaokutana kwenye meza ya London wasalimiane kwa Kiswahili, waulizane habari za nyumbani kati ya mgao na mgao, na karata zikianza kugawiwa warudi kwenye lugha ya meza. Hata neno lisilo na hatia kama "pole" linaweza kumtia mtu wa tatu shaka. Simu iwekwe kando kwa sababu hiyo hiyo; kasino nyingi hazimruhusu mtu kupokea simu akiwa na karata mbele yake, na anayetaka kuzungumza huondoka mezani.

Muda

Uamuzi mgumu unastahili kufikiriwa, na mtu aliyekabiliwa na dau la chipu zake zote asiharakishwe. Tofauti ni kwa yule anayefikiria dakika nzima kabla ya kutupa karata mbovu, kila mgao. Katika mashindano, muda wa kutosha ukishapita, mchezaji anaweza kuwekewa saa: hupewa sekunde 25, kisha sekunde 5 zinazohesabiwa kwa sauti, na zikiisha akiwa anakabiliwa na dau, amejitoa. Kuombea mtu saa ni haki yako, lakini itumie mara chache. Anayeitumia ili kumkera mpinzani ndiye huonekana mkorofi.

Kufunua karata

Duru ya mwisho ikiisha na wamebaki wawili au zaidi, anayefunua kwanza ni yule aliyeweka dau au aliyepandisha mwisho katika duru hiyo. Ikiwa wote walipisha, anaanza yule ambaye angeanza kusema, yaani wa kwanza kushoto kwa kibao. Watu hupenda kutazamana hapa, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, na mgao wa dakika mbili hugeuka wa dakika tano. Ukijua kwamba ni wewe, funua. Weka karata zote mbili wazi mezani, si moja, na usitangaze tu ulicho nacho. Karata zilizo wazi ndizo zinazohesabiwa, hata kama mwenyewe amezisoma vibaya. Usiziachie mpaka mgawaji azisome na kusukuma kitita. Wengi wametupa karata za ushindi kwa sababu waliamini maneno ya mpinzani.

Katika mashindano, mchezaji akiwa ameweka zote na hakuna tena madau ya kuwekwa, karata za wote waliobaki hufunuliwa mara moja. Kisichosamehewa kirahisi, ingawa hakivunji kanuni iliyoandikwa ya kasino nyingi, ni kuzichelewesha kwa makusudi karata unazojua kwamba zinashinda: kuguna, kutikisa kichwa, kumwacha mwenzako aanze kuvuta chipu, kisha kuzilaza mezani kwa tabasamu. Mshindi wa namna hiyo hupata kitita kimoja na chuki ya watu wanane.

Mgawaji na msimamizi

Mgawaji hachagui karata zinazotoka. Kumnunia, kumrushia karata au kumtukana kwa sababu ya karata ya tano ni tabia inayoweza kumwondoa mtu mezani. Akikosea kweli, kwa mfano akisukuma kitita kwa asiyestahili au akimruka mtu, sema mara moja na kwa utulivu, kwa maana haki ya kupinga huisha mgao mpya unapoanza. Yeyote aliye mezani anaweza kusema akiona kosa la aina hiyo, hata kama hayumo kwenye mgao. Mkishindwa kuelewana, omba msimamizi aitwe. Mweleze kilichotokea kwa mfuatano wa zamu, bila kueleza ulivyokuwa umekusudia, kisha ukubali uamuzi wake hata kama haukupendezi. Bakshishi kwa mgawaji hufuata desturi ya nyumba, na mgeni anaweza kuiga wanachofanya waliomzunguka.

Wanaocheza nyumbani hawana msimamizi, na kwa sababu hiyo wanahitaji makubaliano kuliko watu wa kasino. Kabla ya mgao wa kwanza teueni mtu mmoja atakayekata mashauri, na mkubaliane juu ya chipu moja kubwa, juu ya karata zilizotupwa kabla ya zamu, na juu ya saa ya kumaliza. Mkiwa mnacheza kwa fedha, kumbukeni kwamba michezo ya kubahatisha inahitaji leseni. Nchini Tanzania hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Huko walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, na kasino inaweza kukuomba kitambulisho mlangoni.

Unapotaka kuondoka, maliza mgao uliomo au jitoe kwenye zamu yako, mwambie mgawaji kwamba kiti kiko wazi ili aliye kwenye orodha ya kusubiri aitwe, na uzibebe chipu zako mwenyewe hadi kwa keshia.